Kilio cha Siku ya Posho

Donat Kalaba alikuwa na pua mbaya, yaani pua isiyosahau. Kwa miaka kumi na miwili alifua nguo za Wazungu wa Élisabethville, na kazi hiyo ilimfundisha habari za watu ambazo padri hazisikii hata kwenye kitubio. Kola ya shati ilimwambia nani ametoka jasho la homa na nani ametoka jasho la woga. Shuka lilimwambia nani wanapendana na nani wamegeuziana migongo mwezi mzima. Alijua doa la kuondoa kwa ndimu, doa la kuondoa kwa majivu, na lile la kuliacha tu, ukamwambia mwenyewe kwamba nguo imekwisha.

Basi mtu wa namna hiyo ndiye waliyemtia gerezani miezi kumi na minne, mwaka wa hamsini na tatu. Watu arobaini na wawili chumba kimoja, ndoo moja pembeni, na ndoo yenyewe haina kifuniko. Siku ya kwanza alipewa fulana ya mistari iliyokuwa imevaliwa na mtu mwingine, na yule mtu mwingine alikuwa bado yumo ndani yake: jasho lake, kikohozi chake, mafuta ya nywele zake. Donat aliisugua kwa mchanga mara nne. Harufu ikabaki palepale. Akaivaa huku amegeuza pua pembeni, na walinzi wakamcheka, wakampachika jina la Madamu, kama bibi wa Kizungu.

Kosa lake lilikuwa pete. Kabla ya kulowesha nguo yoyote, Donat alikuwa na desturi ya kugeuza mifuko mbele ya mwenye nyumba na kuweka vilivyomo kwenye kisahani: vibiriti, vifungo, barua zisizopaswa kusomwa na dobi. Siku ile mwenye nyumba, Madamu mwenyewe, alikuwa amelala, kichwa kinamuuma, naye Donat akaigeuza mifuko peke yake. Kisahani kilipata pini mbili na leso. Jioni Madamu akaikosa pete yake ya ndoa. Ilitafutwa chini ya godoro, ikatafutwa kwenye bomba la bafuni, haikuonekana, na haikuonekana tena. Hakimu hakujisumbua. Mtu aliyepekua mifuko ya watu miaka kumi na miwili, alisema, ipo siku mkono utamganda humo. Ile desturi yake ya uaminifu ndiyo iliyomfunga, na ukitaka kitu cha kukutapisha katika habari hii, anza na hicho.

Kifungo chenyewe alikimudu. Alijikaza kisabuni, kama wanavyosema watu, na kwake neno hilo lilikuwa kweli zaidi kuliko kwa wengine. Kilichomkosesha raha ni karatasi. Mfungwa aliyemaliza siku zake hakuachiwa hivihivi arudi mtaani. Ilikaa kwanza kamati ya Wazungu watatu, ikamtazama kama ametubu, halafu ikaamua: huyu apewe karatasi ya kukaa mjini, yule apandishwe gari-moshi arudishwe kwao. Kwao Donat kulikuwa Baudouinville, kule ziwani, mwendo wa siku nyingi. Alikuwa ameondoka huko akiwa kijana na hakuwa na cha kurudia.

Tena kulikuwa na Agnès. Mke wake alikuja kumtembelea mara moja kwa mwezi, akisimama upande wa pili wa waya na kikapu chake, na siku moja alisema alichokuja kusema bila kuzunguka.

"Baba Annie, bakikurudisha ku kwenu, utaenda mwenyewe. Miye shiendi. Mutoto wangu iko hapa."

Mtoto huyo alikuwa Annie, na hiyo "hapa" yake ilikuwa makaburini. Surua ilimchukua akiwa na miaka minne, miezi mitano kabla ya mambo ya pete. Hakuwa na ndugu. Kwa hiyo Donat alielewa vizuri kabisa: karatasi ile ikikosekana, mke naye amekwenda, na hata kaburi la mtoto wake hataliona tena.

Lazima lisemwe pia jinsi alivyomzika. Kwenye matanga Donat hakulia. Watu walingoja, maana baba hulia mara moja angalau, hata kwa adabu tu. Macho yake yakabaki makavu. Shangazi ya Agnès akanong'ona kwamba mwanaume huyu ana jiwe kifuani. Donat alikwenda nyuma ya nyumba, akachukua gauni jeupe la Annie la Pasaka, lililokuwa safi tayari, akalifua upya. Akalitia buluu ya kung'arisha. Akalitandika juu ya blanketi mezani, akalipiga pasi ya makaa, mkono kwa mkono, tepe kwa tepe. Alipomaliza aliilainisha kola kwa vidole viwili, kisha akaubana upindo kwa dole gumba, pole pole, kutoka kushoto mpaka kulia, kama alivyofanya kila mara anapomkabidhi mtu nguo yake.

Agnès alikuwa amekaa kizingitini. Aliitazama ile mikono mwanzo mpaka mwisho. Hakusema kitu siku ile wala baadaye, lakini tangu hapo hakumruhusu mtu yeyote, hata shangazi yake, kusema mbele yake kwamba Baba Annie hakumlilia mtoto.

Sasa tumlete Padri Clément. Alikuwa Mbelgiji mrefu mwenye ndevu zilizonuka tumbako na supu, na wafungwa walimwita Mompe kama mapadri wote wanavyoitwa mjini hapa. Hakuwa mtu mbaya. Ingekuwa afadhali angekuwa mbaya, maana mtu mbaya unajua jinsi ya kumkinga. Yeye alikuwa na wema ule wa kumshika mtu shingoni na kumsukuma mbele. Aliona wafungwa wanatoka, wanasimama mlangoni kwa bwana wa zamani, wanashindwa kusema, na baada ya miezi miwili wamerudi ndani. Akawaza, akapata dawa: mchezo. Kila mfungwa aliyebakiwa na miezi mitatu angeigiza siku yake ya kutoka, akitumia jina lake mwenyewe na kosa lake mwenyewe. Angebisha hodi, angemsalimu mke, angewakataa marafiki wa pombe, angepiga magoti kwa bwana aliyemkosea. Akiyafanya mara nyingi humu ndani, atayaweza nje.

"Hapa hatuchezi," aliwaambia kwa Kiswahili chake cha misheni. "Hapa tunajizoeza maisha. Sitaki majina ya uongo."

Mazoezi yalifanyika kila Jumamosi, siku ambayo watu wa mji huu huiita siku ya posho, kwa sababu ndiyo siku kambi za kazi zilipogawa unga na samaki. Walikusanyika kwenye banda la kusukia vikapu. Padri alipiga makofi mawili, mchezo ukaanza. Akipiga makofi mawili tena, ukakoma, hata kama mtu alikuwa katikati ya neno.

Wake na mabwana walichezwa na wafungwa wenyewe. Madamu wa Donat alichezwa na Yuma, fundi wa kushona, mtoto wa Waislamu wa Maniema, aliyefungwa kwa kumchapa kofi askari aliyemwaga nguo za wateja wake matopeni. Yuma alijifunga blanketi kiunoni, akajipaka unga wa muhogo usoni, akatembea kwa ncha za vidole. Wafungwa walikufa kwa kucheka. Donat hakucheka. Alimtazama yule Madamu wa unga, jasho likimchora mifereji mashavuni, na mbele ya huyo ndipo alipotakiwa kupiga magoti.

Siku ya posho ya kwanza, alipiga magoti akasema, "Madamu, nisamehe."

"Nikusamehe nini?" Padri aliuliza kutoka pembeni. "Sema kosa. Pete uliipeleka wapi?"

"Sikuichukua, Mompe."

Padri alitabasamu kwa huruma, na huruma ile ilimuudhi Donat kuliko kofi. "Donat, mwanangu. Mtu anayekana hajawa tayari kutoka. Kamati itaniuliza, nitawaambia nini?"

Donat akapiga hesabu ya haraka kichwani, upande mmoja kaburi na Agnès, upande wa pili gari-moshi. Kisha akaanza kutunga. Aliificha pete ndani ya kipande cha sabuni. Akaipeleka Kipushi, akamwuzia mtu mmoja mwenye jino la dhahabu aliyekuwa akivuka mpaka kwenda Rhodesia. Hata ile sabuni aliipa rangi, akasema ilikuwa ya kijani. Padri aliandika yote kwenye daftari lake, akafurahi. Uongo ule ulimtoka Donat laini mno, na jioni nzima alisugua meno kwa kijiti bila kuondoa ladha yake.

Lakini Padri alitaka zaidi. Alitaka machozi.

"Toba kavu haimshawishi mtu," alisema. "Wengine wanajipaka kitunguu. Mimi sitaki kitunguu. Kila mtu ana huzuni moja kubwa moyoni mwake. Iendee ukaichukue."

Donat alijaribu. Wiki mbili alikunja uso, akakamua pua, hakuna kitu. Yuma alimwonea huruma, akakaa naye kwenye foleni ya maharagwe, yale maharagwe yaliyoogelea pamoja na wadudu wake.

"Lia tu, ndugu yangu," Yuma alisema. "Bazungu banapendaka muntu wa kulia. Ukilia, banaona bo ndio balikutengeneza."

"Machozi inakatala."

"Basi utapanda treni na macho yako ya kukauka. Bibi yako atakupungia mukono."

Siku ya posho ya tatu, akiwa amepiga magoti mbele ya blanketi la Yuma, Donat alikwenda akaichukua. Alimfikiria Annie. Alifikiria jinsi pumzi yake ilivyokuwa ikikwama asubuhi ile, ikitafuta njia. Na yale machozi yaliyokuwa yamekaa ndani tangu matanga yakapanda yote kwa mpigo, yakamwangusha kifudifudi, akalia kwa sauti ambayo hakujua kuwa anayo. Yuma alisahau kwamba yeye ni Madamu, akainama kumshika bega. Padri akapiga makofi mawili.

"Hivyo hivyo," alisema. "Wiki ijayo hivyo hivyo."

Na kweli, wiki iliyofuata hivyo hivyo. Hapo ndipo kinyaa chenyewe kilipoanzia, maana mara ya kwanza ilikuwa msiba na mara ya pili ilikuwa kazi. Ile pumzi ya Annie ilimliza wiki tatu, halafu ikachoka. Donat akaikumbuka, na hakuna lililotokea, ikawa kama kukumbuka jina la mtaa. Akatafuta kitu kingine. Akachukua kiatu kimoja cha Annie kilichopatikana chini ya kitanda baada ya mazishi. Kiatu kilidumu wiki mbili. Akachukua jinsi alivyokuwa akitamka neno sukari. Hilo lilikwisha siku hiyohiyo. Nguo inayofuliwa kila siku huisha rangi, na Donat, wa kulijua hilo kuliko mtu yeyote, alimfua mtoto wake kila siku ya posho mpaka akaanza kupauka.

Alijichukia. Wala hakujichukia kwa maneno makubwa. Alijichukia kama unavyomchukia mtu anayetema mate karibu na sahani yako. Kuna siku alijikuta, katikati ya kilio, akisikiliza kama sauti yake inafika mlango wa banda. Kuna siku mlinzi alimwambia wiki hii umelia vizuri kuliko juzi, naye, kabla hajajizuia, akajibu asante.

Kitu kimoja alikiweka pembeni. Gauni jeupe hakuligusa. Alijua ndilo lililobaki zito kuliko yote, na alilitunza kwa siku ya kamati. Alipojigundua analitunza hivyo, kama mwanamke anavyotunza kitenge cha sikukuu, alikimbilia ile ndoo isiyo na kifuniko, akatapika maharagwe yake yote, wadudu na vyote.

Kamati ilikuja mwisho wa mwezi wa nane, vumbi la kiangazi likiwa limekaa kwenye kila kitu. Walikuwa watatu: bwana mmoja wa serikali aliyetazama saa, daktari aliyekula karanga kutoka mfukoni, na Madamu mmoja wa kikundi cha wema, mwenye glavu nyeupe. Donat aliona glavu zile zimefuliwa na mtu asiyejua kazi, vidole vimekakamaa. Nyuma yao, kwenye mabenchi, Padri alikuwa amewakalisha wake wa wafungwa. Aliwaalika mwenyewe, ili nao waone na wajiandae. Agnès alikuwa benchi la tatu, amefunga kitambaa chake cha bluu.

Donat hakuwa ameambiwa kwamba Agnès atakuwepo.

Wawili walimtangulia. Mmoja alisahau maneno, akaambiwa akae. Kisha Padri akapiga makofi mawili, na Yuma akaingia na unga wake na blanketi lake. Madamu wa glavu alijiziba mdomo kwa kucheka. Daktari akamrushia Yuma karanga, naye Yuma akaidaka kwa mdomo, kwa sababu na yeye alitaka karatasi.

Donat akabisha hodi kwenye mlango usiokuwepo. Akapiga magoti. Akasema yote, kwa jina lake: mimi Donat Kalaba niliiba pete, niliificha ndani ya sabuni ya kijani, niliiuza Kipushi. Mabenchi ya wanawake yakaguna. Halafu moyoni akaenda akalichukua gauni. Alilitandika juu ya blanketi, akaona tepe zake, akasikia harufu ya buluu na makaa. Machozi yakaja kama alivyojua yatakuja. Na mikono yake, bila yeye kuituma, ikanyooka mbele yake hewani. Vidole viwili vikalainisha kola. Dole gumba likabana upindo, pole pole, kutoka kushoto mpaka kulia.

Aliinua uso. Wanawake wote wa benchi la tatu walikuwa wakilia na kujipiga mapaja, isipokuwa mmoja. Agnès alikuwa akiitazama mikono yake. Aliitazama mpaka dole gumba likafika mwisho wa upindo. Kisha akakivuta kitambaa chake mbele ya paji la uso, akainamisha macho chini, na hakuyainua tena mpaka mchezo ukaisha.

Padri akapiga makofi mawili. Wazungu nao wakapiga ya kwao. Bwana wa serikali akasema, "Très bien, très bien," na kuandika kitu. Madamu wa kikundi cha wema alikuja mwenyewe mpaka alipopiga magoti Donat, macho yake mekundu, akampa leso yake ajifute. Ilinuka maua, na chini ya maua ilinuka kamasi. Akamgusa kichwani kwa ncha ya glavu, akamwambia aiweke, ni yake sasa. Donat akamshukuru kwa heshima zote. Aliporudi chumbani aliitumbukiza ndani ya ndoo, akasimama kuitazama mpaka ikazama.

"Umepata karatasi yako," Yuma alimwambia, akijifuta unga. "Sasa sura gani hiyo?"

"Bibi yangu aliniona."

"Si ndio vizuri? Anajua utarudi ku nyumba."

Yuma alikuwa mtu mwema lakini hakuwahi kumzika mtoto.

Alitoka katikati ya mwezi wa tisa, asubuhi, karatasi imekunjwa ndani ya shati. Alitembea kwa miguu mpaka mtaani kwao Kamalondo, na njiani mazoezi yote ya Padri yalimrudia: utabisha hivi, utasimama hivi, utasema hivi. Alipofika mlangoni kwake alijikuta anangoja makofi. Akabisha. Agnès akafungua.

"Umefika," alisema. "Ingia, Donat. Maji ya kuoga iko ku nyuma."

Donat. Hakuwahi kumwita jina hilo tangu Annie azaliwe. Hakuna mke mwenye adabu katika mtaa ule aliyemwita mumewe kwa jina lake la ubatizo, kama anavyoita padri au karani wa gereza. Jirani yao Régine, aliyekuwa amekuja na kuku wa kumpongeza, alilisikia, akaweka kuku chini, akaaga mapema.

Ikawa hivyo. Hakumnyima kitu. Alipika, alimtandikia, alimjibu alipouliza. Donat, chakula iko tayari. Donat, mvua itanyesha. Huko nje habari za toba yake zilikuwa zimetembea kuliko yeye. Kwa Wazungu wote alikobisha, mpishi alimwambia kwa aibu kwamba Madamu hataki mwizi wa pete, na yeye mwenyewe amekiri mbele ya wakubwa. Mazoezi ya Padri hayakuwa na sehemu hiyo. Mwishowe akapata kazi ya kufua aproni za wachinjaji. Zilikuja zimekauka kwa damu na mafuta, nzi wakiwa wamepanda pamoja nazo, na kila asubuhi alizitumbukiza kwenye pipa akiwa amefunga pumzi. Ilikuwa kazi ya kutia kichefuchefu, na moyoni aliona inamfaa.

Alidhani anajua kinachomkasirisha Agnès. Siku moja alijikaza, akaweka kijiko chini.

"Mama Annie, ile pete sikuiiba. Ilikuwa ni kusema tu, juu ya karatasi."

Agnès alimtazama kama mtu aliyeambiwa kwamba kesho jua litachomoza. "Mi najua. Miezi kumi na ine niligombana na bantu juu ya ile pete. Hata siku ile, bantu bakiguna, nilijua ni uongo. Kula, itapoa."

Basi haikuwa pete. Donat akakiokota kijiko, akala.

Tarehe mbili ya mwezi wa kumi na moja, Siku ya Marehemu, Wakatoliki wote wa mji walikwenda makaburini na majembe, mifagio na mishumaa. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza, na majani yalikuwa yamepanda juu ya kaburi la Annie mpaka kwenye msalaba. Huku na huku familia zilikuwa zikilima, zikipaka chokaa, zikisali rozari. Donat na Agnès walipiga magoti kila mmoja upande wake, wakang'oa majani.

Walipokuwa wamefika katikati, Agnès alisema bila kuinua kichwa, "Siku ile mu buloko, mbele ya Bazungu. Mikono yako ilikuwa inafanya nini?"

Angeweza kudanganya. Alikuwa amefundishwa, tena vizuri.

"Robe ya Annie, ile gauni ya Pasaka," alisema. "Nilikuwa ninaipiga pasi."

"Nilijua." Aling'oa shina moja, akakung'uta udongo. "Mompe alikwambia ufanye vile?"

"Alisema nitafute kitu ya kuniliza. Sikuwa na ingine."

"Ulimulia mara ngapi, mbele yabo?"

Donat alihesabu, maana mara hii alitaka kusema kweli yote. "Siku za posho tisa. Na siku ya kamati."

"Tisa," Agnès alisema. Alitazama msalaba wa Annie. "Bantu balisema haukumulia mutoto. Miye nilibanyamazisha bote. Nilibaambia, huyu hatoshake machozi mbele ya bantu, iko nayo kwake ndani, niliiona mu mikono yake. Ile robe ilikuwa yetu, Donat. Ya wewe na ya miye na ya Annie. Hakukuwa muntu mwingine aliyeiona."

Aliendelea kung'oa majani. Kisha, mikono ikiwa ndani ya udongo wa kaburi la mtoto wake, kwa mara ya kwanza bila kutafuta, bila pumzi iliyokwama, bila kiatu wala gauni, alisikia macho yanajaa. Akaacha yaje. Alifikiri, haya sasa ni ya kweli, haya ni ya Annie. Bega likaanza kutikisika, na sauti ikampanda, ileile iliyofika mpaka mlango wa banda.

Agnès aliweka mkono wake wenye udongo juu ya mkono wa Donat, si kwa ukali.

"Acha," alisema. "Hapa hakuna muzungu."

Na machozi yakakoma palepale.